Sudoku za daraja la juu kabisa: natokaje pale mbinu zote ninazozijua zinapogoma, bila kubahatisha?

Chembe81

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaozijua Sudoku kwa undani.

Za kawaida nazimaliza, na nyingi zinazoitwa ngumu nazimaliza pia. Jozi zilizojificha, namba tatu zilizojifunga, namba ya boksi inayofuta wenzake mstari mzima, eksi-wingi (namba moja yenye nafasi mbili zilezile katika mistari miwili), sodifishi (hivyohivyo kwa mistari mitatu), XY-wingi (vijumba vitatu vya namba mbili mbili vilivyoshikana), zote nazitafuta na nikikutana nazo nazitambua. Ninapokwama ni daraja la mwisho. Nafika mahali nusu ya gridi bado tupu, namba ndogo (zile ambazo bado zinaweza kukaa humo) zimejaa kila kijumba, na hakuna ninachokijua kinachofuta hata moja.

Nikiuliza, wengi wananijibu: chagua kijumba chenye namba mbili, jaribu moja, ikigoma rudi ujaribu ya pili. Sitaki. Najua itanifikisha mwisho, lakini raha ya Sudoku kwangu ni kwamba kila namba ninayoandika naweza kumweleza mtu kwa nini iko pale. Nikianza kujaribu-jaribu, raha hiyo yote inaondoka.

Nimesoma kuhusu minyororo na nimechanganyikiwa. Kuna mnyororo wa X, wa XY, kuna kupaka rangi, kuna vitu vya herufi tatu tatu. Lazima nijifunze kimoja kimoja? Na hivi mnyororo si kubahatisha kulekule, ila unafanyia kichwani badala ya kwenye karatasi?

Naweka sehemu inayonisumbua sasa hivi. M ni mstari kuhesabu kutoka juu, S ni safu kutoka kushoto, kwa hiyo M3S2 ni mstari wa 3, safu ya 2. Namba ndogo zilizobaki ni hizi:

M3S2: 2, 6
M3S8: 2, 5
M6S1: 4, 6, 9
M6S3: 2, 4
M6S5: 4, 6
M6S8: 2, 6, 9
M8S2: 6, 7
M9S1: 3, 6

Mstari wa 6 umebakiza vijumba hivyo vinne tu. Katika safu ya 1, namba 6 imebaki M6S1 na M9S1 peke yake. Katika safu ya 8, namba 2 imebaki M3S8 na M6S8. XY-wingi nimetafuta, sijaona.

Mama Pensili

Karibu, Chembe. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wakimbie minyororo, na mimi naumia nikiona mtu mwenye jicho zuri anaishia mlangoni kwa ajili ya jambo hilo.

Kubahatisha ni hivi: unaandika 6, unaendelea, unaandika nyingine, unaendelea, mpaka gridi ijae au ukute 4 mbili katika safu moja. Ukizikuta, unarudi nyuma kufuta kila kitu, na ulichopata ni kujua kwamba 6 haikai pale. Usipokuta kosa, umelifikia jibu lakini njia yenyewe huwezi kuieleza zaidi ya kusema ilikubali.

Mnyororo unaunganisha vijumba viwili vilivyo mbali na kutamka sentensi moja: kati ya hiki na kile, angalau kimoja ni 6. Hautaji kipi. Huandiki 6 popote. Unatafuta kijumba cha tatu kinachoonana na vyote viwili na kufuta 6 humo, kwa kuwa vyovyote itakavyokuwa 6 imeshachukuliwa na mmojawapo. Ulichofuta kimefutika moja kwa moja. (Nikisema vijumba vinaonana, viko mstari mmoja, au safu moja, au boksi moja.)

Sasa ule msitu wa majina. Usijifunze kimoja kimoja, utachoka kabla hujafumbua kitu. Viungo viko vya aina mbili. Kiungo imara kinasema: kama hii siyo, basi ile ndiyo. Kiungo dhaifu kinasema: kama hii ndiyo, basi ile siyo. Kiungo imara unakipata kwenye namba iliyobakiwa na nafasi mbili tu katika mstari, safu au boksi, na kwenye kijumba kilichobakiwa na namba mbili tu. Viungo dhaifu vimejaa kila mahali, namba yoyote inayojirudia kwenye vijumba vinavyoonana. Mnyororo ni kupishanisha: imara, dhaifu, imara, dhaifu, imara. Unaanza na imara na unamaliza na imara.

Angalia ulichonacho tayari. XY-wingi ni viungo imara vitatu, kila kimoja ndani ya kijumba chenye namba mbili. Eksi-wingi ni viungo imara viwili vya namba moja, vimelala sambamba na kushikana ncha zote mbili. Umekuwa ukifanya minyororo muda wote huu.

Anza na namba moja peke yake, jicho lizoee. Tuseme unatazama 4. Mstari wa 2 una nafasi mbili tu za 4, M2S3 na M2S8. Mstari wa 7 nao una mbili, M7S3 na M7S9. M2S3 na M7S3 ziko safu moja, ya 3, kwa hiyo haziwezi kuwa 4 zote mbili. Basi angalau moja kati ya M2S8 na M7S9 ni 4. Nani anaonana na hizo mbili? M1S9 na M3S9 zinaonana na M2S8 kwa boksi na M7S9 kwa safu. M8S8 na M9S8 zinaonana na M7S9 kwa boksi na M2S8 kwa safu. Hizo nne hazina 4. Angalia kwamba hii si eksi-wingi, maana ncha za kulia hazikukaa safu moja, na wengi wakiona hivyo wanaipita. Ni mojawapo ya vitu vinavyotokea mara nyingi kabisa kwenye mafumbo magumu.

Njoo kwenye gridi yako. Natazama M3S2, yenye 2 na 6.

Kama M3S2 siyo 6, ni 2.
Ikiwa ni 2, M3S8 haiwezi kuwa 2, mstari ni uleule.
Safu ya 8 ina nafasi mbili tu za 2, kwa hiyo 2 inakwenda M6S8.
M6S8 ikiwa 2, siyo 9. Mstari wa 6 una 9 mahali pawili tu, hapo na M6S1. Kwa hiyo M6S1 ni 9.
M6S1 ikiwa 9, siyo 6. Safu ya 1 ilikuwa na 6 mbili tu, kwa hiyo M9S1 ni 6.

Soma ncha mbili: kama M3S2 siyo 6, M9S1 ni 6. Yaani angalau moja ni 6. Sasa tazama M8S2. Inaonana na M3S2 kwa safu ya 2, na inaonana na M9S1 kwa boksi la 7 (maboksi nayahesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kuanzia juu, kwa hiyo la 7 ni la chini kushoto). Haiwezi kuwa 6. Imebaki 7. Andika kwa wino.

Kama M7S2 au M9S2 bado zina 6 ndogo, zifute pia, sababu ni ileile.

Jaribu kuutembeza mnyororo huo kinyume, kutoka M9S1 kwenda M3S2. Utafika vilevile, neno kwa neno. Hicho ndicho kipimo changu kila ninapomaliza kuujenga: usiposomeka pande zote mbili, kuna kiungo dhaifu nimekihesabu kuwa imara.

Rubani

Maelezo ya Mama Pensili yamenyooka. Mimi nachangia upande wa kuandika namba ndogo, maana hapo ndipo viungo imara vinapoonekana au kupotea.

Kuna utaratibu unaojulikana kwa jina la Thomas Snyder wa Marekani, bingwa wa dunia wa Sudoku 2007, 2008 na 2011. Ndani ya boksi unaandika namba ndogo pale tu namba hiyo inapobakiwa na nafasi mbili katika boksi hilo. Ikiwa na tatu au zaidi, huandiki kitu. Gridi inabaki safi, na kila jozi ya namba ndogo unayoiona ni kiungo imara tayari. Chembe, kama wewe unajaza namba zote ndogo mwanzoni kabisa, unazika viungo vyako kwenye kichaka. Anza kwa Snyder, jaza zote pale tu unapokwama.

Tisa kwa Tisa

Naongeza mawili.

La kwanza, mstatili wa upekee. Fumbo halali lina jibu moja tu. Tuseme M2S1, M2S7 na M3S1 zote zina 3 na 8 tu, na M3S7 ina 3, 5 na 8. Hizo ni mistari miwili, safu mbili, maboksi mawili. Kama M3S7 isingekuwa 5, zote nne zingebaki na 3 na 8, na ungeweza kuzibadilishana bila kuvunja sheria yoyote, yaani majibu mawili. Kwa hiyo M3S7 ni 5. Hatua moja inayookoa mnyororo mrefu.

La pili ni kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mchezo huu: pete ya Phistomefel, jina la mtunzi wa mafumbo. Chora pete ya vijumba 16 inayozunguka boksi la katikati kwa nje: mstari wa 3 kuanzia safu ya 3 hadi ya 7, mstari wa 7 vivyo hivyo, na vile vitatu vitatu vya pembeni katika safu ya 3 na ya 7. Kisha chukua pembe nne za gridi, kila pembe mraba wa vijumba vinne, navyo ni 16. Namba zilizomo kwenye pete na zilizomo kwenye pembe ni zilezile, kwa idadi ileile, katika kila Sudoku iliyokamilika.

Uthibitisho ni mfupi. Kusanya mstari wa 3, mstari wa 7, boksi la 4 na boksi la 6: seti nne kamili za 1 hadi 9. Kusanya safu ya 1, 2, 8 na 9: seti nne kamili nazo. Ondoa vijumba vilivyomo pande zote mbili. Upande wa kwanza inabaki pete, wa pili zinabaki pembe. Tulianza sawa, tumeondoa sawa, kilichobaki ni sawa.

Chukua lile fumbo la mwaka 2012 la Arto Inkala, mwanahisabati wa Finlandi, lililotangazwa kuwa gumu kuliko yote duniani. Lina namba 21 za kuanzia. Kwenye pete unapewa 9, 2, 1 na 7. Kwenye pembe unapewa 8, 9 na 1. Kabla hujafanya chochote unajua 8 lazima itokee kwenye pete, na 2 na 7 lazima zitokee kwenye pembe. Ukilimaliza, hesabu: 4, 7 na 9 zimo mara tatu tatu pande zote mbili, 1 na 5 mara mbili mbili, 2, 3 na 8 mara moja moja, na 6 haimo kabisa, si kwenye pete wala kwenye pembe.

Rubani

Tisa, pete naikubali kwa mikono miwili. Mstatili wa upekee siukubali. Unatumia ahadi ya mtunzi kwamba jibu ni moja, na ahadi hiyo ndiyo kitu ambacho mfumbuaji anapaswa kukithibitisha kwa kufumbua. Fumbo likiwa na hitilafu, utamaliza na hutajua.

Chembe81

Mama Pensili, nimeufuata mnyororo huo kwa kidole, nikaurudia kinyume kama ulivyosema. 7 imekaa M8S2 na vijumba kadhaa vimefunguka baada yake. Shukrani sana. Sasa naelewa tofauti na kubahatisha, nilikuwa sijawahi kuelezwa hivyo.

Nina maswali mawili. Kwanza, wewe ulijuaje uanzie M3S2? Nikitazama gridi nzima naona viungo vingi, sijui nishike upi. Pili, niwe natafuta mafumbo yenye namba chache za kuanzia ili nijizoeze? Nimeona ya namba 17.

Halafu nimekwama tena, safari hii kwenye 1. Mstari wa 2 una 1 mahali pawili, M2S3 na M2S6. Mstari wa 8 una 1 mahali patatu: M8S3, M8S5 na M8S6. Ingekuwa siyo ile ya M8S5 ningepata eksi-wingi safi. Safu ya 6 ina 1 ndogo pia M4S6, M7S6 na M9S6, na M9S6 ina 1 na 8 tu.

Mama Pensili

Nimefurahi, Chembe, hasa kwa kuurudia kinyume.

La 17 nalimaliza haraka. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa chuo kikuu cha University College Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba hakuna Sudoku ya namba 16 yenye jibu moja, kwa hiyo 17 ndiyo chini kabisa. Lakini uchache si ugumu. Mafumbo mengi ya 17 yanaisha kwa kutafuta namba zilizobakiwa na nafasi moja, bila mbinu yoyote ya juu, wakati lile la Inkala lina 21 na linataka minyororo inayogawanyika matawi. Ugumu uko kwenye hatua ngumu kuliko zote unayolazimika kuifanya, si kwenye idadi ya namba ulizopewa. Hata hilo la Inkala, wanaopima ugumu kwa programu wameshatunga yanayolipita.

Swali la wapi pa kuanzia ndilo kubwa. Mimi nafanya kwa karatasi, na karatasi ya pili iko kando kila wakati. Kwenye hiyo ya pili nachora gridi ndogo tupu, moja kwa kila namba ambayo bado haijaisha. Kwenye gridi ya 6 naweka nukta kila mahali 6 inapoweza kukaa, sioni namba nyingine yoyote. Kisha kila mstari, safu au boksi lenye nukta mbili tu, naziunganisha kwa kalamu nyekundu. Nikimaliza namba zote, ninazo picha saba au nane ndogo, na zinazungumza zenyewe. Namba yenye nukta nyingi na hakuna wekundu naiweka kando, leo haitanisaidia. Namba yenye mistari myekundu mitatu au minne ndiyo naanza nayo.

Nafuata wekundu ndani ya picha moja kwanza. Mara nyingi mnyororo wa namba moja unatosha, kama ule wa 4 niliokuonyesha. Usipotosha, natafuta kivuko cha kutoka picha moja kwenda nyingine, na vivuko ni vijumba vyenye namba mbili. Navichora duara kwenye gridi kuu kabla sijaanza kutafuta. Wewe ulikuwa na M3S2 yenye 2 na 6, na kwenye picha ya 2 safu ya 8 ni nyekundu, kwenye picha ya 6 safu ya 1 ni nyekundu. Nilikuwa na njia ya kuingia na njia ya kutokea. Kilichobaki kilikuwa kutafuta kitu kinachounganisha M6S8 na M6S1, na 9 ya mstari wa 6 ilikuwa imekaa pale inasubiri. Zaidi ya yote nilianza M3S2 kwa sababu nilikuwa namtazama M8S2 aliye chini yake. Yeye ana namba mbili tu, ukimfutia moja anafunguka. Chagua kwanza unayetaka kumfungua, kisha jenga mnyororo kumfuata. Ukijenga mnyororo kwanza na kutafuta wa kumfuta baadaye, utajenga mingi mizuri isiyofuta kitu.

Kwa hiyo Rubani, utaratibu wa Snyder naukubali kwa mwanzo wa fumbo, na ni kweli kila jozi yake ni kiungo imara. Ila unakamata vya maboksi tu. Viungo vya mistari na safu, kama ile 2 ya safu ya 8, havionekani humo, na kwenye mafumbo ya daraja hili hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo, kwa kuwa vinafika mbali. M3S8 na M6S8 ziko maboksi tofauti. Snyder asingeviandika.

Kuhusu mstatili, namuunga mkono Tisa kwa mafumbo ya mtunzi ninayemwamini, na namuunga mkono Rubani kwa fumbo nililolikuta mahali bila kujua limetoka wapi. Sheria yangu ni kuuweka mwisho. Nikiuona mstatili, nautia alama pembeni na kuendelea kutafuta mnyororo wa kawaida. Mara nyingi mnyororo upo, na unanifundisha kitu ambacho mstatili usingenifundisha. Pete ni nzuri sana, Tisa, na uthibitisho wako ni wa kuweka kwenye fremu. Ila tumwambie Chembe wazi kwamba kwenye Sudoku ya kawaida pete hutoa hatua mara chache. Nguvu yake kubwa iko kwenye mafumbo yenye sheria za ziada, yale ya mishale na vipimajoto, ambako watunzi wanaijenga kwa makusudi.

Kitu kimoja zaidi utakachokihitaji, kwa kuwa utafika mahali vijumba vyenye namba mbili vimekwisha. Tazama makundi. Vijumba viwili vinavyoonana vyenye namba tatu kwa jumla ni kijumba kimoja kikubwa. Tuseme M4S4 ina 1, 5 na 8, na M4S6 ina 1 na 5. Kama 8 siyo M4S4, basi hivyo viwili vimejifunga kwa 1 na 5, na mstari wa 4 wote na boksi la 5 lote vinapoteza 1 na 5. Hicho ni kiungo imara: ama 8 ipo pale, ama 1 na 5 zimefungwa humo. Kichomeke katikati ya mnyororo kama kiungo kingine chochote. Vijumba vitatu vyenye namba nne, vilevile. Majina mengi ya herufi tatu uliyoyasoma yanaishia hapo.

Yale ya juu zaidi ya hapo, eksoseti na mengineyo, yaache kwanza. Ni mazuri na yana mantiki yake, lakini yanatokea kwenye mafumbo machache mno, na mtu asiyesoma viungo vizuri anayakariri kama umbo, kisha anayaona mahali yasipokuwepo.

Sasa 1 yako. Hiyo ni eksi-wingi yenye pezi, na pezi ni M8S5, ile ya ziada. Uliza mara mbili.

Kama pezi siyo 1, mstari wa 8 umebaki na M8S3 na M8S6, mstari wa 2 una M2S3 na M2S6, eksi-wingi imekamilika. 1 ya safu ya 6 iko M2S6 au M8S6, kwa hiyo M4S6, M7S6 na M9S6 zinapoteza 1.

Kama pezi ndiyo 1, boksi la 8 limeshapata 1 yake. M7S6 na M9S6 ziko boksi hilohilo, zinapoteza 1.

M7S6 na M9S6 zinapoteza kwa njia zote mbili, kwa hiyo futa 1 humo. M9S6 ilikuwa na 1 na 8, sasa ni 8. M4S6 usiiguse: haionani na pezi, na ikiwa M8S5 ndiyo 1, hakuna kinachoizuia M4S6 kuwa 1. Hapo ndipo watu wengi wanafuta safu nzima kwa mazoea ya eksi-wingi ya kawaida, halafu wanashangaa gridi inagoma hatua ishirini mbele.

Andika 8, kisha chora upya picha ya 8 peke yake kabla hujagusa namba nyingine. Boksi la 8 limebadilika, na safu ya 6 nayo.